Uvivu Wangu Una Bei, Mgao Wangu Uko Wapi?

Mimi si mtu wa siri nyingi. Mshahara wangu anaujua hadi muuza genge, na madeni yangu anayajua zaidi. Lakini yapo maswali ambayo mtu mzima huyauliza usiku, simu ikiwa chini ya shuka: bawasiri, kwa mfano, tena kwa niaba ya jirani. Mtu huyo hapendi kuamka asubuhi akakuta matangazo ya dawa yamejipanga juu ya habari za Simba na Yanga, na mkewe anachungulia.

Ndiyo maana niliamua kuhama injini ya kutafutia. Mpwa wangu anayesoma chuo alinitajia majina: DuckDuckGo ya Marekani, iliyoanza mwaka 2008 na inayosema haitunzi historia ya maswali ya mtu, Startpage ya Uholanzi, Qwant ya Ufaransa, Mojeek ya Uingereza. Kuchagua kulikwisha kabla chai haijapoa. Kuhama ndiko kulikonitoa jasho.

Kivinjari kilichokuja na simu yangu kina mipangilio, na ndani ya mipangilio kuna orodha, na juu ya orodha pameandikwa nichague. Injini niliyoitaka haimo. Pa kuandika jina lake hapapo. Ni kama kamati ya harusi inayokuita utoe maoni kuhusu ukumbi wakati malipo ya ukumbi yalishafanyika, na mjumbe anayekuuliza amekuja na risiti mfukoni.

Wala si simu yangu peke yake yenye tabia hiyo. Kwa miaka mingi wenye iPhone wamefungua Safari na kukuta majina yanayohesabika kwa vidole vya mkono mmoja: Google, Yahoo, Bing, kisha DuckDuckGo iliyoruhusiwa kuingia mwaka 2014, na Ecosia iliyobisha hodi hadi mwisho wa 2020. Mwenye kuitaka Startpage ana ruhusa ya kuendelea kuitaka. Chrome ya Android ina utaratibu wake: injini isiyo kwenye orodha, lazima kwanza uende kwenye tovuti yake, utafute kitu hukohuko, ndipo urudi kwenye mipangilio ukaangalie kama jina limejitokeza. Firefox inakuachia uongeze injini yoyote, ila inakuomba anwani yenye alama ya asilimia na herufi s mahali pa neno linalotafutwa. Mtu amekuja kuuliza bei ya saruji, anapewa mtihani wa kompyuta.

"Mjomba, pakua tu kivinjari kingine," mpwa akasema.

"Hiki kina ubaya gani?"

"Hakina ubaya, mjomba. Kina mikataba."

Nikapakua, bando likalia. Ndani ya kivinjari kipya nikatawala. Nikarudi kwenye uso wa simu, nikakuta kile kisanduku cha kutafutia kimelala palepale katikati, kinatumikia injini ileile ya zamani. Kumbe ni programu nyingine kabisa, na mabadiliko yangu hayaihusu. Nikakibonyeza kwa muda mrefu ili nikifute. Hakifutiki.

Nikamuuliza mpwa habari za ukurasa wa faragha, ule wa rangi nyeusi. Akanieleza kwamba ule unasahau historia upande wa simu yangu tu. Injini ninayoiuliza inaendelea kusikia swali kama kawaida. Kwa hiyo bawasiri za jirani zimefichwa kwangu mimi, ninayezijua.

Sasa hiyo mikataba. Katika kesi ambayo serikali ya Marekani iliishitaki Google, ilijulikana kwamba mwaka 2021 kampuni hiyo ililipa dola bilioni 26.3 ili iwe injini ya kwanza inayomsubiri mtu kwenye simu na vivinjari. Apple peke yake, mwaka 2022, ilipokea dola bilioni 20. Kwa kiwango cha wakati ule hizo zilizidi shilingi trilioni 45, na bajeti nzima ya serikali yetu ya 2022/23 ilikuwa trilioni 41.48. Bajeti yetu ina barabara ndani yake, na zahanati, na mishahara ya walimu. Ile nyingine imenunua nafasi ya juu kwenye orodha.

Google ni hodari, sibishi, na wengi wangeichagua hata wakiulizwa. Lakini mtu halipi fedha za namna hiyo kwa sababu ya uhodari. Analipa kwa sababu anatujua: tukishanunua simu, hatufungui mipangilio ila kubadilisha mlio. Bidhaa iliyouzwa pale ni uvivu wangu. Mnunuzi yupo, muuzaji yupo, mwenye uvivu hakuitwa hata kushuhudia.

Agosti 2024, Jaji Amit Mehta aliamua kwamba Google ililinda ukiritimba wake kinyume cha sheria. Septemba 2025 akapiga marufuku mikataba ya kumfungia nje kila mwingine, lakini malipo yenyewe akayaacha yaendelee. Ulaya walikasirika mapema: mwaka 2018 waliitoza Google faini ya yuro bilioni 4.34, na baadaye mwenye simu mpya ya Android kule akawa anaulizwa anataka injini gani. Mwanzoni hata nafasi kwenye skrini hiyo ya maswali zilipigwa mnada. Zikaja kuwa bure mwaka 2021. Binamu yangu aliyeko Ujerumani anaulizwa. Mimi nanunua simu Kariakoo, na swali pekee ninaloulizwa ni kama nitachukua na kava.

Kwa kuwa ni mtu wa haki, nimewaandalia wahusika orodha yangu. Chaguo la kwanza: kisanduku kitupu ambamo nitaandika jina la injini ninayoitaka, kwa herufi za kawaida, pasipo asilimia. Chaguo la pili: mgao wangu wa zile bilioni, nami nitaendelea kuwa mvivu kwa uaminifu kama nilivyokuwa siku zote. Wachague. La tatu sikuliweka, na sehemu ya kuongeza haipo.