Namna ya Kuua Injini Bila Kulaumiwa

Ndugu yangu mwenye Prado ya dizeli, injini 1KZ, karibu. Kazi hii haitaki pupa.

1. Taa ya T-BELT ikiwaka kwenye dashibodi, kilomita 100,000 zimetimia na mkanda wa taimingi unadai kubadilishwa. Usiubadilishe. Mwambie fundi aizime taa. Anajua pa kugusa, na atakutoza bei ya soda. Taa ikizimika, ugonjwa umepona.

2. Hela ya mkanda inunulie rimu. Mkanda umejificha nyuma ya kava, hakuna shemeji atakayeusifia. Fundi akizidi kukusumbua, kubali mkanda mpya, lakini tensheneri ibaki ile ile ya zamani. Oili ikivuja kutoka kwenye sili, iache iunyeshee mpira.

3. Chagua mahali. Mkanda ukikukatikia uani kwako, nani atakuona? Panda mlima Kitonga na gari lililojaa ndugu wa harusi ya Iringa. Hapo ndipo penye utamu. Mkanda ndio unaoizungusha kamshafti mara moja kila kranki inapozunguka mara mbili, ili valvu zijifunge kabla pistoni hazijafika juu. Ukikatika, kamshafti inasimama na baadhi ya valvu zimebaki wazi. Kranki haina habari: kwa mizunguko 3,000 kwa dakika, kila pistoni inapanda mara 50 kwa sekunde. Pistoni na valvu zilikuwa zikipishana kwa zamu mahali pale pale, sasa zinagongana. Valvu zinapinda, pistoni zinachubuka au kupasuka, na silinda hedi nayo haiponi. (Wenye Corolla ya 5A poleni. Kwenu pistoni haizifikii valvu: gari linazimika, mnafunga mkanda mpya, mnaondoka. Hamna hata cha kusimulia.)

4. Piga stata. Utasikia injini inazunguka kwa wepesi wa ajabu, kwa kuwa mgandamizo haupo. Piga tena! Labda kuna valvu iliyosalia nyoofu. Kisha washushe ndugu, na suti zao, wasukume.

5. Tafuta wa kumsingizia. Dizeli ya jana inafaa, jirani mwenye kijicho anafaa zaidi. Fundi akifungua hedi na kukuonyesha valvu zilizopinda, guna, useme: “Spea za siku hizi!”

6. Andika tangazo: “Prado inauzwa. Haidaiwi, rimu mpya, injini inataka marekebisho madogo tu.”