Tupeni Bahari: Barua ya Wazi kwa Bodi ya Utalii Tanzania

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

YAH: OMBI LA MKOA WA SINGIDA KUTAMBULIWA KUWA KISIWA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Tumeuchunguza mwenendo wa utalii nchini tukabaini kwamba mgeni akishatua Unguja hukodi skuta, akavaa helmeti, akatoka Mji Mkongwe kwenda Jozani, Paje hata Nungwi, akisimama apendapo kunywa madafu. Mgeni huyohuyo akitua bara hupakiwa kwenye gari la kampuni na kushushwa langoni mwa hifadhi. Kwa kuwa hatuoni sababu ya tofauti hii isipokuwa kuzungukwa na maji, tunaomba Singida itangazwe kuwa kisiwa kuanzia mwaka ujao wa fedha.

Vigezo vingi tumeshavitimiza. Maji ya chumvi yapo: maziwa ya Singidani na Kindai yamepakana na mji wenyewe, hayana mto wa kutoa maji yake, jua huyakausha na kuacha chumvi, na heroe huja kujilisha humo. Upepo upo, tena mwingi kiasi kwamba wawekezaji wameupigia hesabu za umeme kwa miaka mingi. Unguja imekalia mwamba wa matumbawe, kitu cha juzi tu. Sisi tumekalia majabali yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, na hatukusudii kumtoza mgeni hata senti kwa uzee huo. Iliyopungua ni bahari, nayo tunaamini inaweza kupatikana kwa tangazo la Serikali, kama zinavyopatikana wilaya mpya.

Tukiweka utani kando kwa aya moja, skuta haiingii baharini. Anayeikodi Unguja ananunua uhuru wa kusimama. Husimama kwa muuza matunda, kwa fundi wa kuziba pancha, kwa mama wa chapati, na kila aliposimama ameacha shilingi kwenye mkono ambao hauna ofisi wala tovuti. Mgeni wa kifurushi amelipia karibu kila kitu kabla hajapanda ndege, hivyo kijiji anachokipita hukipita kweli. Waliosema mgeni njoo mwenyeji apone hawakumaanisha mwenyeji apungiwe mkono kutoka dirishani. Singida ina vya kumsimamisha mtu: mafuta ya alizeti yaliyokamuliwa hapohapo, asali ya Manyoni na Itigi, vitunguu, na kuku wa kienyeji ambao sifa zao zimefika Dar es Salaam zamani, wakiwa wamefungwa miguu juu ya mabasi. Kuku wetu wanasafiri kuwafuata walaji. Tunachoomba ni walaji nao wasafiri kidogo.

Tunajua yatakayojibiwa. Kwanza, kwamba hakuna mgeni atakayefika. Lakini mji huu uko kwenye njia panda ya anayetoka Dodoma kwenda Mwanza na anayetoka Arusha kwenda Mwanza, na tangu 2024 treni ya SGR inamfikisha msafiri Dodoma. Wageni wanafika kila siku. Wanashuka kuchimba dawa, wanapanda tena. Wengi wao ni Watanzania, kundi ambalo mipango yetu ya utalii hulikumbuka zaidi siku za sikukuu. Pili, kwamba pikipiki zinaua. Hoja hii ni ya kweli, na asiyeamini aulize wodi ya mifupa yoyote nchini. Barabara kuu inabeba malori yanayokwenda Rwanda, Burundi na Kongo, na haifai kumpeleka huko mtu aliyejifunza skuta asubuhi ileile. Kwa hiyo Sekenke, iliyo kwenye barabara hiyo na ilikochimbwa dhahabu tangu enzi za Wajerumani, tunawaachia wenye mabasi. Njia za skuta ziwe za kuzunguka maziwa na vijiji vya jirani, zenye vibao, kwa mwendo mdogo. Zanzibar humtaka mgeni awe na kibali cha muda cha udereva, na kisiwa hakijazama kwa sababu ya karatasi hiyo. Hatari tunayoihofia tayari tunaishi nayo kwenye bodaboda. Kanuni za mgeni zingeweza hata kumfundisha mwenyeji kuvaa helmeti.

Tatu, mtasema anayetaka biashara ya watalii akate leseni ya TALA. Hapa ndipo penye kiini cha barua hii. Utaratibu huo, ambao kwa miaka mingi umetoza ada kwa dola, umeshonwa kwa kipimo cha kampuni yenye magari na ofisi. Kijana mwenye skuta mbili hauwezi, kwa hiyo hayupo, na kwa kuwa hayupo, mnahitimisha kwamba Singida haina utalii. Mmezoea kuhesabu kinachopita getini na kutoa risiti. Ziwa lisilo na uzio haliwezi kuingia kwenye hesabu hiyo hata heroe wajae kutoka ng'ambo hadi ng'ambo.

Basi tunaomba moja kati ya mambo mawili: bahari, au leseni ndogo ya kulipiwa kwa shilingi halmashauri, pamoja na bima, ukaguzi wa breki na vibao vya njia. La pili ni nafuu zaidi, ingawa tunatambua kwamba la kwanza linaweza kuundiwa kamati haraka zaidi. Yakishindikana yote, tafadhali tutumieni vipimo vya lango, tulijenge sisi wenyewe kando ya Singidani, mpate pa kuanzia kutuhesabu.

Naomba kuwasilisha.

Kwa niaba ya wakazi wa Singida, kisiwa mtarajiwa.

Nakala: Kamisheni ya Utalii Zanzibar, kwa taarifa. Utalii si jambo la Muungano, na huenda tukahitaji kuhamia kwenu.