Filamu ya Kukopea Vita: Maelekezo kwa Serikali Inayokuja Kibiti

Mheshimiwa, vita vina gharama na hazina imekauka. Ukiomba kwa mdomo, Mndengereko wa hapa atakuuliza utamlipa lini. Basi omba kwa picha, picha haiulizwi.

Mtangulize adui. Mwaka 1918 Charlie Chaplin alitengeneza The Bond kwa fedha zake mwenyewe, ili Wamarekani wanunue hati za mkopo wa vita. Mwishoni anamtwanga Kaiser wa Ujerumani kwa nyundo kubwa yenye jina la hati hizo. Nani atauliza riba Kaiser akiwa amelala chali? Adui wako naye awe na masharubu. Hilo halina mjadala.

Mikoko itakushawishi uigize habari za Königsberg. Acha. Manowari hiyo ya Kijerumani iliizamisha Pegasus ya Waingereza pale Zanzibar Septemba 1914, ikaja kujificha humu katika delta ya Rufiji, ikazingirwa mpaka ilipoangamizwa Julai 11, 1915. Hapo filamu ingeisha vizuri, ila mizinga yake 10 ilitolewa majini ikapelekwa kupigana nchi kavu, na watu wa Kibiti watataka kujua ni mabega ya nani yaliivuta. Anayeombwa mkopo hakumbushwi kwamba babu yake alikwisha kutoa, tena bila hati.

Picha ziende polepole. William Sellers, wa kitengo cha filamu za makoloni kilichoanzishwa London mwaka 1939 kwa ajili ya propaganda ya vita, aliamini Mwafrika hawezi kufuata picha za harakaharaka. Mtu anayekesha dunguni akilinda mpunga, akitofautisha nguruwe na kivuli cha nguruwe gizani, huyo ndiye eti atapotezwa na mkato wa filamu!

Mchunge sana mkalimani. Filamu nyingi za kitengo hicho hazikuwa na sauti. Msemaji alizieleza papo hapo kwa lugha ya wenyeji. Wewe unadhani anasema "serikali inawaomba", kumbe kasema "jamani, kaficheni kuku".

Siku ya malipo usiipige picha kabisa. Ujerumani ilitangaza mikopo ya vita mara 9 kati ya 1914 na 1918, Julius Pinschewer akiinadi kwa filamu fupi za katuni. Mfumuko wa bei wa 1923 ulipokuja, hati hazikutosha kununulia mkate. Kwa hiyo neno "Mwisho" litokee pesa zikishaingia tu sandukuni, na gari la sinema liwe limeshawashwa, limeelekezwa Dar es Salaam.