Mchunga wa Buku

Jumamosi iliyopita nimeletewa mezani kitu nilichokikimbia Muheza. Nilishanawa, mikono ya shati nimekunja, ugali unafuka. Nikafunua bakuli: mchunga.

Nikauliza kwa upole, "Mama, kuna msiba?"

"Kula, baba watoto. Unashusha sukari."

"Sukari mimi sina."

"Ndiyo usiipate."

Kosa langu likawa kuuliza bei. Buku kwa fungu, na yamenunuliwa matatu, maana mchunga ukiingia kwenye maji ya moto unanywea, sufuria zima linageuka kiganja.

Kwa waliozaliwa karibu na friji: mchunga haupandwi na mtu. Unaota wenyewe shambani, majani membamba yenye meno pembeni, ua la njano, na ukilichuma jani linatoa utomvu mweupe kama maziwa. Ukiuona unatarajia utamu. Hapo ndipo umeshatapeliwa.

Kwetu haukuwa dawa ya sukari, maana hata sukari yenyewe hatukuwa nayo. Masika yakianza, ghalani wamebaki panya, mahindi hayajatoa hata ndevu, mchunga unachomoza kabla ya kila ulichokipanda. Mwaka 1974, ukame ulipotuchapa na ukaletwa ule unga wa njano tuliouita unga wa yanga, mchunga tuliula mchana, tukaula usiku, tukauota. Bibi aliuchemsha, akamwaga maji, akauchemsha tena, akamwaga, kisha akauchanganya na majani ya kunde na kibwando, ule mlenda wetu, ili uteleze kooni kabla ulimi haujashtuka. Siku ya nazi kulikuwa na tui. Siku ya nazi ilikuwa moja.

Na mgeni akibisha hodi, sufuria lilisukumwa uvunguni haraka, hata kama lina moto. Mtu akikukuta unakula bada, ule ugali wa muhogo, kwa mchunga alishaijua hali ya nyumba yenu, na jioni kijiji kizima kimeijua. Leo mke wangu anaubeba kwenye mfuko unaoonyesha kila kitu ndani, anasimama nao njiani kusalimiana na majirani! Nao wanamuuliza kaupata wapi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba nyuma ya nyumba nina kijishamba cha matembele, na adui yangu humo ni mchunga huo huo. Mzizi wake unatambaa chini kwa chini kama umbea. Ukiukata kwa jembe vipande vitatu, umepanda mitatu. Kila mvua ikinyesha napalilia mpaka kiuno kinalia, najaza mfuko wa saruji, nautupa nje ya geti. Siku zote nilikuwa nashangaa jinsi mfuko ule unavyopotea upesi. Nikajua ni mbuzi.

Juzi nimetoka na mfuko, nikamkuta binti wa genge la kona kakaa juu ya jiwe langu, kisu mkononi, beseni miguuni.

"Shikamoo babu."

Babu! Nikaitikia marahaba, kwa shingo upande. Akaupokea mfuko bila haraka, kama mtu anayepokea mzigo alioagiza. Akachambua: majani kwenye beseni, mizizi akairusha juu ya ukuta, ikaangukia kwenye matembele yangu. Fungu la kwanza likafungwa mbele ya macho yangu. Buku.

Nikarudi ndani nikiwa moto. "Unajua mchunga ule unatoka wapi?"

"Najua," mke wangu akasema, wala hakuinua macho kwenye mchele anaochagua. "Lakini yeye anauleta umechambuliwa."

Nikatoka tena kwenda kumaliza kazi, nini kingine ningefanya? Binti alikuwa bado yupo, anainua jani moja moja kwenye mwanga, uso kaukunja.

"Babu, samahani. Wateja wanalalamika, majani yanakuja yamekatikakatika. Wiki ijayo jembe liache. Ng'oa kwa mkono."