Shukrani kwa Mtandao Unaokwama

Wapo waliousifu mwezi, wakausifu mnazi, wakayasifu hata mahamri. Mimi nausifu mtandao unaokwama, na hasa ule unaokwama katikati ya mahojiano ya kazi kwa video, pale kijana wa Kaloleni, Voi, anapoanza tu kueleza sifa zake na sura yake ikaganda mdomo ukiwa wazi. Unatukanwa kila siku na hauna wakili. Nausimamia bila malipo.

Nianze na nasaba, maana hasifiwi mtu bila kutajwa ukoo. Mtandao huu hatukuuokota jalalani. Kabla ya 2009 Kenya ilitegemea setilaiti zilizoko kilomita 36,000 angani. Mwaka huo nyaya za baharini zikafika Mombasa, TEAMS ikitokea Fujairah katika Umoja wa Falme za Kiarabu, na SEACOM nayo ikaja mwaka huo huo. Kutoka Arabuni hadi Mombasa, kama majahazi ya wazee wetu. Kisha waya ukapanda bara, ukafuata barabara kuu ya Nairobi, ukapita Voi kando ya malori. Ukapita. Ile treni ya SGR inayosimama kila kituo hushusha abiria wake wote wa Voi kwa mkupuo. Mtandao hushusha wa kwake kidogo kidogo, kupitia mnara unaogombaniwa na mtaa mzima, na ikifika jioni kila mtu ameshafungua TikTok.

Hiyo ndiyo nasaba. Sasa wema wake.

Zamani aliyeitwa Nairobi kuhojiwa alijiandaa na nini? Nauli, shati lililopigwa pasi, na bahasha ya vyeti. Akifika alikuta chumba cha wenyewe: kiti, feni, glasi ya maji, na mlinzi wa kumwonyesha ngazi. Siku hizi mwajiri amemheshimu zaidi, kampandisha cheo kabla hata ya kumwajiri. Chumba atafute yeye, stima alipe yeye, bando anunue yeye, na ukimya wa mtaa auombe yeye kwa majirani. Saa moja ya video yenye picha safi inaweza kumeza gigabaiti nzima na ushei. Mwenye kampuni hapotezi kitu, labda ile glasi ya maji.

Hebu kitazame chumba chenyewe. Tangu jana kitambaa kimepigiliwa ukutani kuficha rangi iliyobambuka. Kilichaguliwa na kikao cha familia. Kwanza ilitundikwa leso yenye maua mazuri, lakini maandishi yake yalikuwa kijembe kwa mke mwenza, na nani ajuaye kama mwenyekiti wa jopo hana wake wawili? Ikashushwa, kikatundikwa kitambaa kisicho na neno. Simu imeegemezwa kwenye jagi, na jagi limekaa juu ya pakiti tatu za unga, ili kamera ilingane na macho. Bila unga huo, jopo lingehoji matundu ya pua na mabati. Meza imegeuzwa ielekee dirishani, kwa sababu ukiligeuzia dirisha mgongo unaonekana kivuli kitupu. Dirisha likifunguliwa, vumbi jekundu na honi za malori vinaingia bila hodi. Likifungwa, joto la Voi chini ya mabati linamvua mtu tai kabla hajajitambulisha. Ikaamuliwa liwe nusu wazi.

Shangazi naye amekwenda kwa kinyozi wa jirani kuomba sauti ya spika ishushwe.

"Mwanangu, saa moja tu. Mtoto anahojiwa."

Kinyozi anakubali, kisha anauliza kazi yenyewe ni ya wapi, na kama kuna nafasi nyingine. Jogoo amefungiwa. Watoto wamepewa hela ya barafu na kutumwa duka la mbali, si lile la karibu. Kwa hiyo kabla hajajibu hata swali moja, kijana ameshapanga bajeti, amesuluhisha majirani na amesimamia watu wa rika zote. Akiulizwa uzoefu wake wa uongozi, asihangaike kutaja chuo.

Saa inafika.

"Unatusikia?"

"Nawasikia."

"Hatukusikii."

Mitandao ya simu kwa kawaida huacha njia pana ya kushusha na nyembamba ya kupandisha, kwa kuwa wengi wetu ni watazamaji tu. Ndiyo maana mwombaji anawaona wakubwa hadi kalamu walizoshika, nao wanamwona miraba miraba. Njia ikizidi kubana, programu huitoa picha kafara ili sauti iokoke. Mashine imetambua jambo ambalo majopo mengi hayajalitambua: mahesabu hayapigwi kwa sura.

Halafu linakuja lile swali la udhaifu wako ni upi, na papo hapo kila kitu kinaganda. Mbele ya meza ya Nairobi, ukimya wa namna hiyo ungekumaliza. Hapa unarudi hewani ukiwa na jibu lililoiva: "Samahani, mlikatika. Mliuliza udhaifu?" Hakuna atakayejua kama aliyekwama ni mnara au ni wewe. Wapo wanaojigandisha makusudi, wakaikodolea macho kamera bila kupepesa. Hao hawausifu mtandao, wanauibia. Na pazia likipeperuka nyuma yao, wameumbuka.

Usidhani rehema hii ni ya wanyonge peke yao. Nimemwona mwenyekiti wa jopo akiganda macho nusu, kidole puani. Hakuna aliyecheka. Kila mtu chumbani akawa binadamu kwa muda.

Kipo kisa kimoja tu kinachonitia mashaka na mteja wangu. Binti wa Kaloleni anahojiwa na hoteli ya Dubai. Sauti yake inateremka Mombasa, inazama baharini, na huenda inaibukia kule kule Fujairah ulikotoka ule waya. Bahari yote hiyo inavuka bila kikwazo. Inakokwama ni kati ya meza yake na mnara anaouona kwa macho. Mwisho wa mwezi bando linalipwa bei ile ile, lifike lisifike. Wakili mwema hajibu swali asiloulizwa, kwa hiyo hapo nanyamaza.

Nina ombi kwa mnaohoji. Sura ikiganda kwa dakika mbili, msimkate mtu mkamwita anayefuata. Mpigieni simu ya kawaida. Namba yake iko kwenye wasifu aliowatumia, ukurasa wa kwanza, chini ya jina.