Jinsi ya Kuunda Nadharia Yako ya Chembe na Utando

Anza na utando wenye sura. Wa sabuni unafaa sana. Chovya kitanzi cha waya kwenye maji ya sabuni, ukisimamishe wima: maji yatateremka, rangi zitapangana, na juu kabisa utando utakonda hadi uonekane mweusi, kabla tu ya kupasuka. Newton aliueleza weusi huo katika Opticks, mwaka 1704. Sababu yake haina ajabu: mwanga unaorudi kutoka uso wa mbele na ule wa uso wa nyuma hufutana. Wewe usiitaje. Sema tu kwamba weusi ule ni mlango, kisha nyamaza, wasikilizaji wahangaike nao.

Sasa tafuta namba. Utando wa seli una unene wa nanomita 5 hivi, na utando wa sabuni uliokonda kupita kiasi hufika karibu na hapo. Ndugu hao! (Kweli yake ni kwamba vyote viwili ni safu mbili za molekuli zenye vichwa vinavyopenda maji na mikia inayoyakimbia, na mikia hiyo haipishani sana kwa urefu. Tofauti ni kwamba kwenye seli vichwa hutazama nje, kwenye sabuni hutazama ndani. Hili nalo lifiche.) Baada ya hapo ilete protoni. Unene huo unaizidi kwa upana takriban mara milioni 3, lakini usitishike. Zidisha kwa pai, gawanya, tafuta kipeuo cha pili, endelea mpaka namba isalimu amri. Ukibaki na mita upande mmoja wa mlinganyo na sekunde upande wa pili, tangaza kwamba unatumia vipimo ambavyo kasi ya mwanga ni 1. Wanafizikia wenyewe hufanya hivyo kila siku, kwa hiyo hakuna atakayethubutu kucheka.

Namba ya kulenga ni 137. Elektroni na mwanga hushikana kwa nguvu ya 1 kwa 137 na ushei, na hakuna anayejua kwa nini iwe hivyo. Arthur Eddington, yule yule aliyesafiri hadi Príncipe mwaka 1919 kupima jinsi jua linavyopinda mwanga wa nyota, alithibitisha kwa hoja tupu kwamba ni 136 kamili. Vipimo vilipoelekea 137, akagundua kwamba kulikuwa na 1 aliyoisahau. Huyo ndiye mwalimu wako.

Ukibanwa, sema ulimwengu wenyewe ni utando. Lisa Randall na Raman Sundrum waliliandika wazo la namna hiyo mwaka 1999. Kwa bahati mbaya, nadharia yao ilisema pia ni dalili gani zitafutwe. Mtambo wa CERN wenye mzingo wa kilomita 27 umezitafuta na haujazipata. Kosa hilo la kusema nini kitafutwe usilirudie.

Ila jihadhari na watu wa grafini. Hiyo ni tabaka moja ya atomi za kaboni, iliyobanduliwa kwenye grafaiti kwa utepe wa gundi huko Manchester, habari zake zikachapishwa mwaka 2004. Ndani yake elektroni hukimbia kama chembe zisizo na tungamo, kwa mlinganyo wa ukoo wa ule wa Dirac wa 1928, ingawa kwa kasi ya 1 kwa 300 ya mwanga. Tena tabaka hiyo humeza asilimia 2.3 ya mwanga unaoipita, yaani pai ikigawanywa kwa 137! Walipima mwaka 2008: tabaka moja 2.3, mbili 4.6, na kuendelea.

Mtu wa aina hiyo akikaa mstari wa mbele atanyoosha mkono akuulize: utando wako ukiongezwa tabaka ya pili, namba inakuwa ngapi? Mshukuru kwa swali zuri, mwambie jibu limo kwenye juzuu ya pili, kisha omba chai iletwe.