Boksi la Bure Lina Nauli Yake

Dalali kachukua kodi ya mwezi mmoja, mwenye nyumba kachukua ya miezi sita, na mwenye kirikuu anataka chake kabla hajawasha gari. Mpangaji wa Dar es Salaam akifika hapo, mfukoni amebaki na risiti tu. Ndipo humjia wazo linalowajia wote wanaohama: maboksi ya nini kununua, na madukani yamejaa?

Yamejaa kweli. Tatizo ni Mangi. Mtu aliyepita mbele ya duka lake mwaka mzima akielekea supamaketi hawezi kuibuka leo na kusema, "Mangi, nisaidie viboksi." Lazima kwanza anunue kitu. Ananunua sabuni. Mangi anamwambia arudi jioni, mzigo ukishashushwa. Jioni anarudi, ananunua biskuti, anakuta maboksi kachukua mama lishe wa jirani, ambaye huyatumia kuwashia mkaa na ana ahadi yake ya tangu Januari. Mama mmoja wa Mbagala aliamua kuyafuata Kariakoo. Aliyapata mengi, tena mazuri, ila konda wa daladala akayahesabu kuwa ni abiria. Mama akamweleza kwamba ni matupu. Konda akamjibu kuwa hata abiria wengine vichwa vyao vitupu, na nauli wanalipa.

Halafu maboksi hayalingani. La krispi ni kubwa, jepesi, linapendeza macho, na limetengenezwa kubeba hewa yenye chumvi. Mwanafunzi wa chuo hulijaza vitabu hadi juu, akalinyanyua, akabaki na kuta nne mikononi huku vitabu vimetulia sakafuni. Boksi la kuwania ni la rimu za karatasi. Rimu moja ya kawaida ya A4, karatasi 500, ina uzito wa karibu kilo 2.5. Boksi lenye rimu tano basi limezoea kilo 12 na nusu, na mara nyingi lina mfuniko wake. Vitabu navyo ni karatasi, kwa hiyo boksi hata halijui kama limebadilishiwa kazi. Hupatikana kwenye vibanda vya fotokopi, ambako kopi mbili za kitambulisho zinatosha kuanzisha urafiki.

Kwa glasi, hakuna linaloshinda boksi la mvinyo. Ndani lina vigawanyo vya kadibodi, kila chupa na chumba chake, na glasi hukaa humo bila kugusana. Mlokole mmoja aliyehamia Kimara aliyapata kwenye grosari, akapanga humo vyombo vyake vyote vya kuvunjika, kisha akayashusha mchana kweupe mbele ya majirani wapya, yote yana picha ya zabibu. Wiki ile hakualikwa kwenye maombi ya mtaa. Jirani aliyekuja kumkaribisha alikuwa mmoja tu, saa tatu usiku, na alikuja na glasi yake.

Kuna mzigo mwingine wa bure usioonekana wakati wa kupakia. Kadibodi hugandishwa kwa gundi ya wanga, na mende anapenda wanga. Yale mawimbi ya katikati ya tabaka zake nayo ni maficho mazuri. Mende wale wakubwa wekundu hubandika vifuko vya mayai kwenye pembe za giza, kila kifuko na mayai yake kumi na kitu. Boksi lililolala stoo ya unga kwa miezi linaweza kuhamia na ukoo mzima, na ukoo huo haulipi kodi.

Wala si kwamba nyumbani hakuna boksi. Lipo moja juu ya kabati, la runinga, lililotunzwa tangu siku ya kununuliwa kwa ajili ya siku kama hii. Lile povu gumu la ndani limechongwa kufuata umbo la runinga hiyohiyo, na hakuna cha kununua kitakacholifikia. Likishushwa linakutwa na vyeti vya shule ya msingi, mwavuli usio na mpini na nguo za mtoto ambaye sasa yuko kidato cha pili. Povu lilishatupwa zamani ili kupata nafasi. Runinga inasafiri mapajani kwa baba, kiti cha mbele.

Zamani nguo zingeingia kwenye mifuko ya Rambo, lakini mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019. Wazoefu wa kuhama hawakutikisika. Wao huanza na vyombo walivyonavyo: nguo kwenye shangazi kaja, mchele na viungo kwenye ndoo za lita 20 zenye mifuniko, sufuria ndogo ndani ya kubwa, feni ndani ya diaba. Vyombo vya udongo huvifunga kwa khanga. Gazeti linafaa, ila wino wake hubaki kwenye sahani, na sahani zitahitaji kuoshwa kwa yale maji ambayo dalali aliapa kwamba yanatoka kila siku. Khanga haina wino wa kuacha na ingehamishwa vyovyote vile. Hatari yake ni wifi aliyekuja kusaidia, akachoka, akavuta khanga ajifunike kidogo.

Hata kamba ya katani inayofunga godoro ina kisa chake cha kuhamisha mizigo. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, ikapitishwa Hamburg. Iliyofika Afrika Mashariki ikiwa hai ilikuwa 62, na kilimo cha mkonge cha Tanganyika kikaanzia hapo. Dereva wa kirikuu akifikisha glasi nne kati ya sita, anastahili kupewa soda.

Vitu vikishapangwa, linabaki rundo la maboksi ambalo mwenye nyumba mpya hataki kuliona kwenye korido. Anaitwa kijana mwenye mkokoteni anayenunua maboksi chakavu kwa kilo. Kijana anayageuza moja moja, anagonga chini, anayatenga yaliyo imara, na mizani haitoi.

"Haya mazima hatupimi," anasema. "Haya tunawauzia wanaohama."